Kuchapa kitambaa kwa muhuri, kuanzia kufua hadi kushona mkoba: mwongozo kamili

Wanaojaribu kuchapa kitambaa kwa muhuri nyumbani hukwama pale pale, na malalamiko yao ni matatu. Chapa imetoka na mabaka, kingo nzito na katikati peupe. Rangi imeondoka kwenye ufuaji wa kwanza. Au kitambaa kimependeza kabisa, lakini mkoba ulipokwisha kushonwa, majani yaliyochapwa upande mmoja yakawa yanatazama chini.

Karibu wote huilaumu rangi, wakaenda kununua nyingine ya bei kubwa. Mara nyingi rangi haina kosa. Mabaka huletwa na meza. Rangi huondoka kwa sababu kitambaa kilichapwa kikiwa bado na stachi ya kiwandani, yaani wanga wa kukikaza, au pasi ilipitishwa haraka haraka. Na majani hugeuka kwa sababu mtu alichapa kwanza, akafikiria mshono baadaye. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayofanyika kabla hujafungua kopo la rangi. Nakusihi usiiruke.

Nimeuandika kwa mtu aliyeko Tanga mjini, Muheza au Pangani, anayejua kushona kwa cherehani na anataka kitambaa chake mwenyewe chenye maumbo ya huku kwetu. Kazi ya mfano ni mkoba wa sokoni wenye upana wa sentimita 36 na kimo cha sentimita 40. Ukiumudu huo, foronya na vitambaa vya meza havitakusumbua.

Vitu vya kuandaa

Kwa kitambaa na meza:

- Marekani au bafta ya pamba tupu, mita 1.2, yenye upana usiopungua sentimita 110, pamoja na kipande cha ziada cha majaribio
- Meza imara ya kimo cha kiunoni, blanketi la zamani na shuka kuukuu la pamba
- Chaki ya fundi cherehani, rula ndefu, futi ya kupimia na pini
- Pasi

Kwa muhuri:

- Mpira wa soli wenye unene wa milimita 5 au zaidi. Mafundi viatu wa Ngamiani, Tanga mjini, huwa na mabaki
- Vipande vya mbao vyenye unene wa sentimita 2 hivi, vilivyonyooka
- Gundi ya fundi viatu
- Kisu cha kukatia karatasi chenye wembe mpya, na patasi nyembamba kama utachonga mbao
- Msasa, penseli laini na karatasi nyembamba inayopitisha mwanga

Kwa rangi:

- Rangi ya maji ya kuchapia nguo, ile wanayotumia wachapaji wa fulana, au rangi kavu na binda yake, yaani kile kinachoishikisha kwenye kitambaa
- Sinia bapa, kipande cha sponji ya godoro chenye unene wa sentimita 1 hadi 2, kijiko, ndoo ya maji na matambara

Rangi tatu usizitumie. Rangi ya mafuta ya milango hukauka ikawa ngumu na kupasuka kitambaa kinapokunjwa. Rangi ya ukutani huondoka kwa maji. Na rangi za batiki za unga, zile zinazochanganywa na kostiki, ni nyepesi mno kwa muhuri: hutambaa ndani ya nyuzi na umbo lako likapotea. Ni rangi nzuri kwa kazi yake, na kazi yake si hii.

Hatua ya 1: Kijaribu kitambaa kwa moto, kisha kwa maji

Usitegemee neno la muuzaji peke yake. Chomoa nyuzi chache kutoka kila upande wa kitambaa, zishike kwa koleo juu ya sinki au sahani ya bati, uziwashe. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi iliyoungua, na majivu yake ni laini ya kijivu. Nyuzi zilizochanganywa na plastiki, kama za tetroni, husinyaa na kuyeyuka, zikaacha kipunje kigumu cheusi.

Jaribu nyuzi za urefu na za upana, maana vitambaa vingine ni pamba upande mmoja tu. Tetroni huchapika, lakini haivumilii pasi ya moto mkali, na pasi ndiyo inayoifunga rangi ya maji kwenye nyuzi. Anayeanza aanze na pamba tupu.

Baada ya hapo dondosha tone la maji juu ya kitambaa kipya. Likikaa juu kama lilivyo, ujue kuna stachi au mafuta ya kiwandani, na rangi yako nayo itakaa juu hivyo hivyo. Ikishakauka utadhani imeshika. Siku ya kufua, stachi inayeyuka na kuondoka na rangi iliyokuwa juu yake.

Hatua ya 2: Kifue hadi tone lizame

Loweka kitambaa kwenye maji ya moto na sabuni ya unga usiku kucha. Asubuhi kifikiche, kisuuze mara kadhaa mpaka maji yabaki safi. Usitie dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa nayo huacha utando unaoizuia rangi. Kianike, kisha rudia jaribio la tone.

Umefaulu ukiona tone linazama papo hapo na kusambaa kuwa duara lenye unyevu. Likisitasita, fua tena. Marekani nzito mara nyingi hudai kufuliwa mara mbili.

Ufuaji huu una faida ya pili. Pamba mpya hupungua. Chora mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwa uzi wa rangi kabla ya kufua, uupime baada ya kukauka, nawe utajua kitambaa cha duka lile hupungua kiasi gani. Mkoba ulioshonwa kwa kitambaa kisichofuliwa utajikunja kwenye mishono, na hakuna pasi itakayounyoosha.

Piga pasi kikiwa bado na unyevu kidogo. Halafu chomoa uzi mmoja wa upana kutoka ukingo hadi ukingo na ukate kwa kufuata njia yake. Hapo una upande ulionyooka kweli. Bila huo, mistari yako ya chaki itapinda, na mistari ya majani nayo itapinda.

Hatua ya 3: Chora mkoba kwenye kitambaa kabla ya kugusa rangi

Wengi hujiuliza kama wakate kwanza au wachape kwanza. Jibu langu ni kwamba uchore kwanza, uchape, halafu ndipo ukate. Kipande kilichokwisha kukatwa hufumuka kingo na kuvutika kila unapokishika. Kitambaa kizima kilichochorwa kwa chaki hutulia mezani, na chapa zinaweza kupita mstari wa kukatia bila kuacha ukingo wa mashaka.

Hesabu ya mkoba wetu ni hii. Upana wa sentimita 36 unaongezewa sentimita 1.5 kila upande kwa ajili ya mshono, jumla 39. Kimo cha sentimita 40 kinaongezewa 1.5 chini na 4 juu kwa ajili ya upindo, jumla 45.5. Chora vipande viwili vya 39 kwa 45.5, ukiacha nafasi ya vidole viwili kati yake. Kwa mikanda, chora vipande viwili vya sentimita 10 kwa 65.

Fanya vipande viwili, kimoja cha mbele na kingine cha nyuma, usifanye kimoja kirefu cha kukunjwa chini. Ukikunja kipande kimoja, upande wa mbele majani yatasimama, na upande wa nyuma majani yale yale yatakuwa kichwa chini, kwa kuwa kitambaa kimezunguka chini ya mkoba. Hilo ndilo lile lalamiko la tatu. Kama unapenda mkoba usio na mshono chini, lisuluhishe kwenye umbo la muhuri, kama utakavyoona katika hatua ya 4.

Chora pia mstari wa mshono ndani ya kila kipande, na mshale unaoonyesha juu ni wapi. Ikiwa utaupa mkoba kitako kwa kushona pembe za chini, tuseme kitako cha sentimita 10, basi sentimita 5 za chini za kila upande zitageuka kuwa sakafu ya mkoba. Weka alama ya sentimita 6.5 kutoka ukingo wa chini, na mstari wako wa kwanza wa majani uanzie juu yake. Wanaosahau hili hushangaa mbona jani zuri kuliko yote limekwenda kukaa chini ya vitunguu.

Tumia chaki ya kawaida ya fundi. Kalamu ya wino hubaki. Chaki ya nta nayo huyeyuka kwa pasi ikaacha doa la mafuta.

Hatua ya 4: Chagua umbo kwa kufuata mshono

Tanga ina maumbo mengi kuliko muda wa mtu mmoja. Hata hivyo si kila kinachopendeza machoni hukubali kuwa muhuri. Umbo jema la muhuri hutambulika hata likijazwa weusi mtupu.

Jani la mshelisheli ni mwalimu mzuri. Ni pana, limechanika ndani kwa kina, na hata mtu aliye mbali hulijua. Jani la mpapai nalo hivyo hivyo. Jani la mkungu ni rahisi zaidi, pana kuelekea nchani na jembamba kikonyoni, lakini uzuri wake umo kwenye mishipa, kwa hiyo litakudai uchonge kwa utulivu. Jani la mwarobaini liache kwa sasa: meno yake madogo hukatika kwenye mpira.

Mkonge unastahili kusemwa peke yake, kwa sababu ndani yake mna siri ya kazi yote hii. Utazame mkonge kwa ubavu: majani yake yaliyo kama panga yanachomoza kutoka shinani kwenda juu na pembeni. Umbo hilo lina juu na chini, na likigeuka kila mtu ataona. Sasa utazame mmea mchanga wa mkonge kutoka juu, ukiwa umesimama karibu nao. Majani hayo yanasambaa kutoka kitovu kimoja kuzunguka pande zote. Umbo hilo halina juu wala chini. Mmea ni ule ule, ila mchoro wa kwanza unafaa foronya na paneli mbilimbili, na wa pili unafaa mkoba wa kipande kimoja kilichokunjwa chini, kitambaa cha meza kinachotazamwa kutoka pande nne, na gauni linalokatwa kwa kugeuza vipande ili kubana kitambaa.

Kiti cha pweza kiko kundi hilo la pili, mikono mitano kuzunguka kitovu. Kichore kutoka kwenye picha au pale pale ufukweni maji yakitoka, ukiache kilipo. Tumbawe na kauri hali kadhalika. Muhuri hauhitaji kiumbe kilichokaushwa.

Ukipanda Amani, Usambara Mashariki, tafuta kwenye miamba yenye kivuli yale maua madogo ya zambarau yanayojulikana sana kwa jina la Saintpaulia. Yana petali tano, mbili za juu ndogo kuliko tatu za chini, na katikati punje za manjano. Wengi huyachora na petali tano zinazolingana, likatoka ua lolote tu. Tofauti hiyo ya petali ndiyo inayolitambulisha. Ua hili ni kazi ya mihuri miwili, nami nitarudi kwake.

Chora umbo kwenye karatasi kwa ukubwa halisi. Kwa mkoba wetu nashauri upana wa sentimita 7, na nafasi ya sentimita 9 kutoka kitovu cha jani hadi kitovu cha jani linalofuata. Nne mara tisa ni 36, yaani majani manne yanajaza upana wa mkoba bila hata moja kukatwa na mshono. Kata nakala kadhaa za karatasi, uzitandaze juu ya kitambaa kilichochorwa, urudi nyuma utazame. Ni dakika kumi tu, nazo huokoa mita nzima ya kitambaa.

Ukitaka mistari ipishane, sogeza mstari wa pili kwa sentimita 4.5. Hapo utapata majani matatu mazima, na nusu moja kila ukingo. Kuziunganisha nusu hizo kwenye mshono ni kazi ya mkono mzoefu. Kwa mkoba wa kwanza ziache, mstari wa pili ubaki na matatu.

Hatua ya 5: Chonga muhuri

Muhuri hugeuza kulia kuwa kushoto. Ili mchoro utoke ulivyouchora, upitishe kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, ilaze karatasi juu ya mpira upande wa penseli ukiwa chini, uisugue mgongoni kwa kijiko. Mchoro utahamia kwenye mpira ukiwa umegeuka, na chapa itaurudisha sawa.

Paka wino wa kalamu ya rangi kwenye sehemu zote zitakazobaki juu. Kisicho na wino kinatolewa. Alama hiyo hukuzuia kukata mahali pasipo pake macho yakishachoka.

Mkato wa kwanza ufuate ukingo wa umbo huku wembe umeinama kuelekea nje, ili ukuta wa umbo uwe mpana chini na mwembamba juu. Wengi hukata wima, au wembe unaingia chini ya umbo. Muhuri wa namna hiyo hukosa msingi. Ukiukandamiza kingo zinalala, na mstari unatoka mnene hapa, mwembamba pale. Wembe uende mbali na vidole vya mkono unaoshika, na ukianza kuhitaji nguvu ubadilishe. Wembe butu ndio unaoteleza.

Toa mpira wa nje ya umbo wote, si milimita chache kandokando tu. Ndani ya umbo, kina cha milimita 3 kinatosha. Mishipa ya jani usiiache juu kama nyuzi. Ichimbe iwe mifereji, nayo kwenye kitambaa itatoka kama mistari myeupe ndani ya jani la rangi. Mfereji usipungue milimita 2, la sivyo rangi itauziba.

Kabla ya kuunata kwenye mbao, weka karatasi juu ya muhuri na upitishe penseli ubavuni kama unayetoa alama ya sarafu. Kasoro zote zitaonekana hapo, bila rangi wala uchafu.

Kisha paka gundi nyembamba kwenye mpira na kwenye mbao, fanyia mahali penye hewa, subiri kama dakika 10 hadi gundi isinate kidoleni, halafu bana. Andika JUU mgongoni mwa mbao na uchore mshale. Mbao ikiwa na ukubwa karibu na wa umbo utaona vizuri unapoiweka.

Kuhusu mihuri ya mbao: ni mizuri, hudumu miaka, na mistari yake ni mikali kuliko ya mpira. Msaji unafaa, na kwa mafundi seremala wa Muheza, jirani na shamba la misaji la Longuza, si mti mgeni. Waulize vipande vilivyobaki. Mwembe nao huchongeka. Chonga kina cha milimita 6 hadi 8, lainisha uso kwa msasa uliolazwa juu ya kioo au kigae bapa, kisha uloweke muhuri kwenye mafuta ya kupikia kwa wiki moja hadi mbili ili usinywe maji ya rangi na kupasuka. Ufute, uchape kwenye matambara mpaka alama ya mafuta iishe. Umbo likiwa na vyumba vilivyozungukwa pande zote, toboa matundu mawili membamba kutoka mgongoni hadi kwenye vyumba hivyo, hewa ipate njia ya kutokea. Ikibanwa humo, hubandua rangi. Mbao tupu haijazi vizuri eneo pana la rangi, kwa hiyo maumbo yaliyojaa yafanyie mpira, na mbao iachie michoro ya mistari.

Hatua ya 6: Tengeneza meza

Meza tupu ni ngumu mno. Kitambaa kina vinundu vya nyuzi, mbao ina mawimbi yake, na muhuri hugusa juu ya vinundu tu. Hapo ndipo mabaka yanapozaliwa. Godoro nalo ni laini mno. Muhuri huzama, kingo zikajaa rangi.

Kunja blanketi mara mbili, litandaze bila mkunjo, kisha lifunike kwa shuka la pamba lililovutwa na kubanwa chini ya meza. Shuka litanywa rangi inayopenya kitambaa. Ukitandika nailoni badala yake, rangi itarudi na kuchafua upande wa nyuma. Bonyeza kwa kidole gumba: meza ibonyee kidogo na kurudi mara moja.

Tandaza kitambaa, kibane kwa pini au utepe wa karatasi pembeni, kikaze bila kukivuta. Fanya kazi ukiwa umesimama, maana uzito wa mwili ndio unaochapa.

Hatua ya 7: Andaa rangi

Rangi iwe nzito kama mtindi: ikidondoka kwenye kijiko itoke kwa kusitasita. Kama unachanganya mwenyewe, anza na sehemu 1 ya rangi kwa sehemu 20 za binda. Usizidishe sehemu 1 kwa 10. Binda ndiyo inayoshikisha, na rangi isiyo na binda ya kutosha hutoka kwa kusuguliwa hata ukipiga pasi siku nzima. Usiongeze maji ili iongezeke.

Lowesha sponji, ikamue kabisa, iweke kwenye sinia, umimine vijiko viwili au vitatu vya rangi na uvitandaze kwa mgongo wa kijiko.

Hewa ya Tanga inahitaji hesabu. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, joto la mchana hukausha rangi juu ya muhuri kabla hujaufikisha kwenye kitambaa. Chapa asubuhi au alasiri, kivulini, feni isielekee mezani, na sinia lifunikwe kwa nailoni kila unapopumzika. Masika ni kinyume chake: kuchapa ni rahisi, ila kukauka ni kwa polepole, kwa hiyo tenga siku mbili.

Hatua ya 8: Chapa

Anza na kipande cha majaribio, nacho kiwe cha kitambaa kile kile kilichofuliwa pamoja.

Gusisha muhuri kwenye sponji mara mbili au tatu kwa wepesi, usiukandamize mara moja kwa nguvu. Utazame uso wake: uwe na utando sawa wa rangi, mifereji ikiwa mitupu. Uweke kwenye alama ukianza na kona moja, kisha uushushe wote. Ukishagusa kitambaa usiusogeze hata kidogo. Weka kiganja juu ya kingine, egemea kwa uzito wako, hesabu hadi tatu, gonga mgongo wa mbao kwa ngumi mara moja au mbili. Shika kitambaa kwa mkono mmoja, inua muhuri kwenda juu moja kwa moja.

Chapa ya kwanza ya muhuri mpya karibu kila mara huwa hafifu, kwa sababu mpira bado haujazoea rangi. Ihukumu kuanzia ya tatu. Ukiona kingo nzito na katikati peupe, rangi ni nyingi au meza ni laini mno. Vitone vyeupe kila mahali vinamaanisha rangi ni kidogo au meza ni ngumu. Kivuli cha umbo pembeni kinaonyesha muhuri uliteleza. Chapa njema ina ukingo safi, rangi moja kutoka upande hadi upande, na ukiigeuza nyuma unaona umbo kwa mbali bila rangi kulowesha.

Kwenye kitambaa chenyewe, piga mistari ya chaki iliyoachana kwa sentimita 9 na uchore msalaba kila kitovu cha jani kinapokaa. Chora alama ya katikati kwenye kila ubavu wa mbao, ukutanishe alama na mistari. Mtumia mkono wa kulia aanze juu kushoto, ili mkono usipite juu ya rangi mbichi. Mwenye kutumia kushoto aanze kulia.

Muhuri ukianza kujaza mifereji, uufute kwa tambara lenye unyevu, uendelee. Jani moja likitoka hafifu liache lilivyo. Kurudia juu yake hakufaulu, na kitambaa cha mkono kina haki ya kuonyesha mkono.

Sasa lile ua la Amani. Muhuri wa petali uchonge na tundu katikati, kisha chapa zambarau yote na uiache ikauke hadi isishike kidole. Muhuri wa pili, mdogo, unatia manjano ndani ya tundu. Usitie manjano juu ya zambarau: rangi nyingi za kuchapia hupitisha mwanga, na manjano yako itageuka udongo.

Ukimaliza, futa mihuri na sinia kwa matambara kwanza, ndipo uoshe kwenye ndoo. Maji yale yasiende kwenye mtaro unaoishia baharini. Yaache yatuame, yamwage ardhini mbali na kisima, na tope litupe na takataka likishakauka. Mihuri ikaushe kivulini ikiwa imelala ubavu.

Hatua ya 9: Kausha, kisha funga rangi kwa pasi

Kiache kitambaa saa 24, kikining'inia au kimelala, mbali na jua kali na vumbi. Pangusa chaki yote.

Geuza upande wa nyuma. Pasi iwe kavu, bila mvuke, kwenye moto wa pamba. Gawa kitambaa katika maeneo ya sentimita 20 kwa 20 hivi, na kila eneo lipewe dakika 3 hadi 5 huku pasi ikitembea polepole. Kopo la rangi likiwa na maelekezo tofauti, fuata ya kopo. Mwenye pasi ya mkaa atandike kitambaa cheupe cha pamba katikati na ajaribu kwanza kwenye kipande cha majaribio, maana moto wake haupimiki na cheche moja inatosha kuharibu kazi.

Mtu akisema rangi yake haishiki, swali langu la kwanza ni dakika ngapi alipiga pasi. Kupitisha pasi mara mbili kama unayenyoosha shati hakufungi chochote. Eneo dogo kwa dakika 3 linachosha mkono, na hakuna njia ya mkato.

Subiri siku 3 hadi wiki moja. Halafu chukua kipande cha majaribio kilichopita hatua zote hizi, kisugue mara kumi kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikibaki cheupe, umefaulu. Kikipokea rangi kidogo, rudia pasi. Kikipokea nyingi hata baada ya kurudia, binda ilikuwa chache, na ni heri umelijua hilo kabla ya kushona.

Hatua ya 10: Kata na shona

Kata kwa kufuata mistari, ukihakikisha mishale ya juu kwenye vipande vyote viwili inaelekea upande mmoja. Kwa marekani tumia sindano namba 14; ndogo kuliko hiyo huvunjika inapokutana na tabaka nne za mkanda.

Kunja kila mkanda uwe na tabaka nne upate upana wa sentimita 2.5, upige cherehani pande zote mbili. Weka vipande vya mkoba uso kwa uso, na kabla ya kubana kingo, pitisha pini katikati ya jani la mbele itokee katikati ya jani la nyuma. Zikilingana hapo, majani yatakaa mstari mmoja ukiutazama mkoba kwa ubavu. Shona ubavuni na chini kwa sentimita 1.5, funga kingo zisifumuke, kisha shona pembe za kitako. Pinda juu, ingiza miguu ya mikanda ndani ya upindo, uishone kwa mraba wenye msalaba ndani, kwa sababu uzito wote wa soko unaning'inia hapo.

Kila unapopiga pasi mshono, tandika kitambaa juu ya chapa. Mkoba ufuliwe umegeuzwa ndani nje, kwa maji ya baridi, bila jiki, uanikwe kivulini. Ukiwa unauuza, andika maelekezo hayo kwenye kikaratasi na ukishone au ukifunge kwenye mkanda.